Daraja Limekula Kurasa Zangu

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila mtu anashukuru isipokuwa mimi. Naishi Nyegezi, riziki yangu iko Sengerema, na miaka yote kivuko ndicho kilichokuwa maktaba yangu. Foleni saa nzima, siku nyingine mbili. Na MV Misungwi nayo haikuwa na haraka na mtu. Ukishamaliza mayai ya kuchemsha na kusoma kanga za abiria wote, utafanya nini? Unafungua kitabu. Siku hizi hizo kilomita 3 zinakwisha kabla sijaipata miwani.

Na si kitabu cha mchezo. Kinaitwa Darwin's Dreampond, cha Mholanzi Tijs Goldschmidt. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, kwa Kiingereza 1996. Ukurasa wa kwanza ulinitoa Kigongo ukanifikisha Busisi. Wa pili ukanirudisha wa kwanza. Kamusi ikawa nzito kuliko begi la nguo. Abiria wakiuliza kama ile ni Biblia, naitikia, maana hata mimi nilikuwa nasoma kwa imani tu.

Nilikuwa karibu kukiacha, nikakutana na neno "furu". Furu! Huyu huyu tuliyemvua utotoni kwa pini iliyokunjwa! Mzungu kaliandika vile vile, hakulitafsiri. Yaani hapo wasomi wa Ulaya ndio waliohitaji kamusi, mimi nimekunja nne.

Tangu siku hiyo nikasoma kama mwenye shamba. Kumbe jamaa alikaa hapa hapa Ghuba ya Mwanza akichungulia meno ya furu: wapo wanaovunja konokono, wanaokwangua ukoga maweni, wanaokula magamba ya wenzao, hata wanaopora watoto mdomoni mwa mama yao. Halafu sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, miaka ya 1980 akafagia aina kwa aina. Nikamkimbilia mama mmoja muuza samaki pale Mwaloni, Kirumba, nikammwagia yote. Akanisikiliza huku anageuza dagaa.

"Mwalimu, kuhusu sangara si ungeniuliza tu?"

Sasa daraja limeniachia sura tatu za mwisho. Nyumbani hakusomeki: watoto, redio, luku. Nikaamua kila Jumamosi nipande kivuko cha Kamanga, nivuke, nigeuze nacho, sina shida yoyote ng'ambo. Jumamosi ya nne mama watoto akanisubiri mlangoni.

"Baba Neema, Kamanga una nani?"

Nikamkabidhi ushahidi. Akafunua, akakuta picha za samaki, akapekua mpaka mwisho, akanitazama mikono.

"Nauli kwenda, nauli kurudi, mwezi mzima unafuata furu. Na hujaleta hata mmoja?"