Barua ya Wazi kwa Baraza la Magavana: Tafadhali Msishirikiane

Waheshimiwa Magavana wa kaunti zote 47,
Westlands, Nairobi.

Naandika kuwashukuru. Mimi ni mchapishaji wa mabango, fulana, kofia na zile kamba za kuning'iniza vitambulisho shingoni. Tangu mabadiliko ya tabianchi yaingie kwenye ratiba zenu, mashine yangu haipoi. Ukame ukija, mnaitisha kikao cha dharura, na kikao bila bango si kikao. Mvua ikizidi, kikao kingine, bango jingine. Mkulima analia masika na kiangazi. Mimi nachapisha masika na kiangazi.

Sijasahau 2021, Kongamano la Ugatuzi lilipofanyika Makueni, kaulimbiu ikihusu hatua za tabianchi katika ngazi mbalimbali za utawala. Kaulimbiu ilikuwa ndefu, na sisi hulipwa kwa mita ya mraba. Kisha Septemba 2023 marais wa Afrika wakakusanyika katika jumba la mikutano la KICC kujadili tabianchi, wakatoa Azimio la Nairobi. Tarehe 13 Novemba mwaka huohuo nchi nzima ikapewa mapumziko ili ipande miti, maana tunataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kabla ya siku ile nililazimika kumwita hata shemeji yangu, ambaye hajui kushika mkasi, anisaidie kukata kingo.

Nami huhudhuria shughuli hizo za kupanda miti, kwa sababu bango lazima livutwe vizuri lisikunje uso wa mheshimiwa. Shimo huwa limechimbwa jana na kibarua. Koleo ni jipya, limefungwa utepe, na bei haijabanduliwa kwenye mpini. Mtu mwingine anautoa mche kwenye mfuko wake, mheshimiwa anaupokea kwa vidole viwili, kamera zinalia, maji ya chupa yanamwagwa, tunaenda kula. Mwezi haujaisha, mbuzi wameshamaliza mche. Bango bado lipo, halijafifia hata herufi. Katika kampeni yenu yote ya mazingira, kisichooza ni bidhaa yangu.

Sasa nasikia uvumi kwamba mnataka kushirikiana. Tafadhali, waheshimiwa, mnihurumie.

Chukueni Mto Tana. Unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, unakatiza Garissa, unaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa mpangilio wa sasa, kaunti za mlimani zina jumuiya yao. Kitui na Machakos wana yao pamoja na Makueni. Garissa iko na kaunti za mpakani. Tana River, Mungu aibariki, iko katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani na papo hapo iko na hao wa mpakani: kaunti moja, uanachama mara mbili, nembo mbili, mabango mawili. Mkiwaweka hawa wote kwenye kamati moja ya mto mmoja, mimi nitakula nini?

Isitoshe, utaratibu uliopo unafanya kazi vizuri mno. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliipiga Garissa upande mmoja wa daraja na Madogo, iliyo Tana River, upande wa pili. Maji hayakuuliza mpaka uko wapi, ingawa ninyi mmekuwa mkiuliza miaka nenda miaka rudi. Wa juu akisema msitu ni wa serikali kuu, ni kweli. Wa katikati akisema mabwawa si yake, ni kweli pia. Wa chini, ambaye Katiba imempa kazi ya kukabiliana na majanga, anaomba maturubai. Kila mmoja ana kifungu chake cha sheria, na hakuna kifungu kinachoelea. Nimeambiwa kwamba katika kambi moja ya waliohama makwao, watu walishusha bango la kongamano la mwaka uliotangulia wakaezekea kibanda. Neno "ustahimilivu" limeangalia ndani, na watoto wanajifunzia kusoma wakiwa wamelala chali. Nilijisikia fahari. Ulikuwa msaada wa kwanza kufika.

Kama mnataka mfano wa kuigwa, rudini 2018, Kitui ilipopiga marufuku makaa kusafirishwa nje ya kaunti. Lori la makaa likateketezwa, magavana wakarushiana maneno hadharani, na vyombo vya habari vikapata chakula cha wiki nzima. Kumkalisha mwenye mti na mwenye jiko meza moja kungehitaji bango moja tu, tena dogo.

Wanaonitia hofu hasa ni Makueni. Hawa mwaka 2015 walitunga kanuni za mfuko wa tabianchi na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, wananchi wakachagua kamati katika wadi zao waamue wenyewe pesa ziende wapi. Wengine, kama Wajir na Isiolo, nao wakashika njia hiyohiyo. Sasa kuna mpango unaosaidiwa na Benki ya Dunia wa kuusambaza ugonjwa huu kote nchini. Kamati moja ya wadi ilinipigia kuuliza bei ya bango la kuzindua bwawa la mchanga. Nikawatajia. Upande wa pili pakawa na minong'ono, kisha mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni mifuko mingapi ya saruji?" Akakata simu. Watu wa namna hii wachunguzwe.

Kuna pia kaunti moja, sitaitaja, ambayo ina deni langu la fulana zilizoandikwa "Wajibu Wetu". Mwenye kuelewa ataelewa.

Nimeambatanisha bei mpya. Bango lisilo na tarehe, linalofaa kila mwaka, nitawapunguzia asilimia 10. Lakini mkithubutu kukaa wote wa Tana, kuanzia Nyeri hadi Kipini, mkatoka na bajeti moja na jina la mtu wa kuulizwa maji yakipanda, msinipigie. Kazi hiyo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na tenda ile sina.

Wenu mtiifu,
Mchapishaji, anayengoja malipo.