Barua ya Wazi: Ombi la Kuziozesha Namba Mbili

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii,

YAH: OMBI LA KUZIOZESHA NAMBA MBILI ZA MWANACHAMA MMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima naandika kwa niaba ya watu ambao Mfuko wako umewazaa mara mbili. Ni walinzi, walimu wa shule binafsi, wapishi wa hoteli, mafundi wa viwandani: mkataba uliisha, wakakaa nyumbani mwaka au miwili, kisha mwajiri yuleyule akawaita. Getini wakatambuliwa. Afisa utumishi akawauliza hali za watoto, kwa majina. Aliyewasahau ni Mfuko peke yake, uliokuwa ukipokea makato yao mwezi hadi mwezi. Ukawapa namba mpya, tarehe mpya ya kujiunga na jalada jeupe kama la kijana aliyetoka chuo jana. Miaka inakwenda, uzee unabisha hodi, ndipo mtu anaambiwa kwamba kwenye kompyuta yeye ni watu wawili, na wote wawili hawajatimiza masharti.

Wapo watakaosema namba ni namba tu, fedha ziko palepale. Tuutazame basi ukokotoaji wenu wenyewe. Tangu Julai 2022, pensheni kamili ya mwaka ni wastani wa mshahara wa mwaka, ule wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, ukizidishwa kwa miezi ya kuchangia na kugawanywa kwa 580. Maana yake kila mwezi uliobaki kwenye namba ya zamani unamega pensheni ya mstaafu kila mwaka, mpaka siku anayozikwa. Miezi 30 iliyosahaulika ni zaidi ya asilimia 5 ya wastani huo. Na hiyo ni hasara ya mwenye bahati. Mwanachama aliyechangia miezi 96 katika ajira ya kwanza na 120 katika ya pili ana miezi 216; mtoto wa darasa la tatu anaijumlisha bila kalamu. Ikitenganishwa, hakuna rundo linalofika miezi 180, na asiyefika 180 hapati pensheni ya kila mwezi. Anapewa mkupuo, anatakiwa kila la heri.

Mtanijibu kwamba kuunganisha kunawezekana, mwanachama alete maombi tu. Hapo ndipo penye kichekesho. Alete barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba aliondoka, na barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba alirudi, zote mbili zikiandikwa na afisa mmoja, juu ya meza moja, kwa muhuri mmoja. Alete hati za mishahara za miaka ambayo mwajiri mwenyewe alishachoma makaratasi yake. Alete kiapo cha majina, kwa kuwa namba ya kwanza inamjua kwa jina la Mohamed na ya pili kwa jina la Mohammed, wakati fomu zote mbili zilijazwa na mtu mwingine. Mwanachama hakuomba namba ya pili, hakuichapa, pengine hakuwahi kuiona. Lakini nauli ya kuifuta ni yake.

Kuna hoja ya udanganyifu, nami siidharau. Nchi hii imewahi kulipa mishahara ya watumishi hewa, hivyo tahadhari ina sababu. Lakini mtu hewa hana kidole. Mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa, na muuza vocha aliyekaa chini ya mwavuli aliweza kuhakiki mtu kwa dakika chache. Ikiwa kidole kinatosha kwa laini ya simu, kwa nini hakitoshi kwa jasho la miaka minane? Nakubali jambo moja bila ubishi: aliyechukua michango yake yote alipoacha kazi, miezi ile ameshaila, asidai tena. Ninaowasemea hawakuchukua hata senti. Tena serikali hii hii, mwaka 2018, iliikunja mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ikaifanya PSSSF moja, pamoja na majengo yake, madeni yake na wastaafu wake. Mifuko minne iliunganishwa. Mohamed na Mohammed bado wanasubiri.

Kwa kuwa mnapenda utaratibu, napendekeza tufuate unaojulikana na kila mtu: tuzioze namba hizi. Namba ya zamani, kwa kuwa ni mkubwa, itume mshenga na barua ya posa kwenye dawati la namba mpya. Mahari ilipwe kwa miezi. Iundwe kamati ya harusi yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na huyo mhazini ningeomba mumwajiri moja kwa moja baada ya sherehe, maana sijasikia mhazini wa harusi Dar es Salaam aliyepoteza ahadi ya mtu: anajua nani ameahidi, nani ametoa nusu, nani anakwepa simu, na shemeji aliyehamia Mwanza na kurudi haandikwi kama mgeni mpya. Pawe na sendofu ya jalada. Kadi za mwaliko zitolewe, na mwanachama apewe ya dabo, aingie yeye na yeye mwenzake. Kikwazo pekee ninachokiona ni siku ya kufunga ndoa, kiongozi wa dini atakapouliza kama maharusi wana undugu. Hapo, Ndugu Mkurugenzi, mtalazimika kusimama mbele ya kadamnasi na kukiri kwamba ni mtu mmoja, na kwamba mlijua siku zote.

Maombi mengine ni madogo: cheti cha kuthibitisha kwamba mwanachama hakufa kati ya mikataba, na benchi lenye mgongo.

Maana fedha hizi si zenu. Si sadaka, si ruzuku, si hisani ya mtu. Zilikatwa kabla mwenyewe hajazigusa, kutoka kwenye mshahara ambao haukumtosha, na leo mnamsimamisha dirishani kama mwombaji athibitishe kwamba yeye ndiye. Mnaomba ushahidi kwa mwenye mali ilhali daftari mnalo ninyi! Ni aibu.

Samahani, nimepaza sauti ofisini. Nitashukuru ombi langu likifikiriwa, na endapo mtandao utakuwa chini, nitaelewa kama kawaida.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama (wa kwanza)
Mwanachama (wa pili)

Nakala: Jalada la zamani, kama litaonekana.