Bolti Ni Bolti Tu, Au Vipi?

Hivi jamani, bolti si bolti tu? Ina kichwa, ina uzi, inaingia tunduni, basi. Mie nilivyokua hakuna aliyeniambia vingine. Sasa nina pikapu ya Land Rover Series III, urithi wa marehemu mjomba, na mlango wa dereva umeamua kuning'inia kwa bawaba moja. Nikikata kona, mlango unafika kabla yangu. Mtoto wa jirani kaniuliza kama najifunza kuruka.

Bawaba ya juu imelegea, haya, nikachukua spana namba 13. Ikakaa, inacheza kidogo, nikajua inataka nguvu. Kichwa cha bolti kikalika kikawa duara. Nikaing'oa kwa praizi na matusi, nikanunua nyingine ya milimita 8, mpya, inang'aa. Mzunguko wa kwanza freshi, wa pili freshi, wa tatu ikagoma. Mie nigomewe na bolti? Nikarefusha spana kwa kipande cha bomba. Ikaenda! Ikaenda kirahisi mno. Ikawa inazunguka tu, haikazi, mpaka kiwiko kikaniuma. Ya pili ndo kabisa, ukiizungusha unasikia kitu kinacheka ndani ya nguzo.

Nikaenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Fundi mwenyewe kijana, umri wake na wa suruali niliyovaa ni mmoja. Kaitazama bolti, kanitazama mie, kaita wenzake. "Njooni muone, mzee kaweka milimita kwenye inchi!" Wakaja wote. Hata muuza kahawa kaacha birika lake.

Eti gari hili ni la Kiingereza, bolti zake nyingi za inchi. Ya bawaba hii ni ya 5/16, yaani milimita 7.94. Tofauti yake na yangu huioni hata uvae miwani juu ya miwani! Kijana anasema shida si unene, shida uzi. Ya kwao ina nyuzi 24 kwenye inchi moja, yangu zinaingia kama 20. Zinaanza kwa kupishana, zinamaliza kwa kutafunana. Na kichwa chake ni nusu inchi, milimita 12.7, ndo maana spana ya 13 inakaa na kukudanganya. Akaanza habari za magari ya zamani zaidi yenye uzi wa Whitworth, uliochongwa kwa digrii 55 badala ya 60. Nikamwomba aishie hapo, kichwa changu nacho kina uzi wake.

Tundu la kwanza kalipanua kwa drili, kapiga tapu maalumu, kazungushia ndani kijispringi kama cha kalamu, kavunja kijimkia chake. Tayari, 5/16 imerudi. Bei aliyonitajia, kwa springi ile, ningenunua kalamu za shule nzima.

Tundu la pili ndo balaa. Nati yake imefungiwa ndani ya nguzo, imeachia, inazunguka na bolti, na mkono haufiki. Ikabidi akate kidirisha, achomelee nati mpya, azibe. Kwanza kachomoa waya za betri. Nikamrukia, mwizi huyu! Kumbe anaiokoa oltaneta isiuawe na umeme wa kuchomelea. Wenzake wakacheka upya. Kazi niliyopewa mie ni kushika mlango. "Juu kidogo, mzee. Chini. Juu. Mzee, unapumua, mlango unatikisika." Nikaacha kupumua.

Bolti mpya akazipaka grisi zisishikwe na kutu, kisha kachukua chaki, kaandika mlangoni INCHI, kwa herufi kubwa, mtaa mzima usome. Kaniuzia na spana ya nusu inchi. Kipande changu cha bomba kakibakisha yeye, hakunirudishia.

Sasa mama watoto anataka tuhamie mlango wa abiria, ule uliofungwa kwa kamba ya katani. Nimemwambia ule hauna tatizo, kamba haina inchi wala milimita.