Nasaha za Bingwa kwa Wauguzi Wenye Leseni Mbichi

Mheshimiwa mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi. Mgeni wa heshima, ambaye amepata udhuru, kwa hiyo kiti chake nimekikalia mimi. Wazee wa Ronge Juu. Wazee wa Ronge Nyika mliopanda mlima tangu asubuhi. Na nyinyi wauguzi wapya mliojikusanya kule mlangoni kana kwamba mna pa kwenda: hamjambo.

Kwa wale wasionifahamu, na nasikia mko wawili hivi, mimi ni Mtaalamu Mwelekezi wa Masuala ya Uuguzi, cheo nilichojipa baada ya kujihoji kwa ukali. Uuguzi sikuusomea. Wanaousomea huwa na upendeleo. Mimi nimeutazama kutoka kitandani, ambako ndiko mambo yanakoonekana, na kutoka dukani kwangu, ambako dirisha linatazamana na mlango wa zahanati. Nimetoa ushauri wa afya miaka mingi bila kungoja kuombwa.

Nianze na wito. Uuguzi, wanangu, ni wito. Nimefanya utafiti nikagundua kwamba wito haukosei tarehe: hufika kila mwisho wa mwezi, hasa pale ambapo kitu kingine kilikuwa kinatarajiwa kufika. Mtazameni Florence Nightingale. Mwaka 1853 alikabidhiwa hospitali ndogo ya akina mama huko London akaiongoza bila kudai hata senti. Mwaka uliofuata akaenda zake vita vya Crimea na taa mkononi. Hakuandamana. Hakupuliza vuvuzela nje ya ofisi ya mtu. Ni kweli kwamba babake alikuwa akimpa pauni 500 kila mwaka, na pauni 500 za siku zile zilikuwa pesa za kuishi bila kumsalimia mwenye nyumba. Lakini hilo limeandikwa kwa herufi ndogo, na mimi herufi ndogo huwa sizisomi hadharani. Wale ambao baba zenu wanalima mboga hapa Ronge, zungumzeni na baba zenu.

Nasema haya kwa sababu nchi yetu ya Kenya iliwahi kusahau wito. Mwaka 2017 wauguzi waligoma tangu Juni 5 hadi mwanzoni mwa Novemba, miezi mitano kamili, eti mkataba wa mishahara yao haujatekelezwa. Miezi yote hiyo nilikaa dukani nikitazama kufuli la zahanati. Dawa zangu za maumivu zilinunuliwa kuliko wakati mwingine wowote, lakini jambo hilo halihusiani na uchungu nilioupata.

Sasa tuje kwa leseni. Mmesoma miaka mitatu na kuendelea, wengine pale chuo cha KMTC Voi kwenye jua lisilo na huruma, mkafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, mkapita, mkalipia usajili, mkalipia leseni, na leseni yenyewe ina tarehe ya kuharibika kama maziwa ya pakiti. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, inasema bila karatasi hiyo usithubutu kumgusa mgonjwa. Haisemi popote kwamba ukiwa nayo utapewa mgonjwa wa kumgusa. Vijana wengi husoma sheria kwa pupa wakadhani hilo limo.

Kazi hutolewa na nani? Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hutolewa na kaunti. Ukiuliza Nairobi, utaambiwa uulize kaunti. Ukiuliza kaunti, utaambiwa mgao wa Nairobi haujafika. Wewe utakuwa katikati, na bahasha yako ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha hiyo weka cheti cha KRA kwamba ushuru umelipa, ingawa mshahara hujapata. Fomu ya tume ya maadili kwamba hujala mali ya umma, ingawa hujawahi kuisogelea. Cheti cha polisi cha maadili mema, ambacho ili ukipate utachukuliwa alama za vidole vyote kumi kana kwamba umevunja benki. Na barua ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Hapo kwa HELB tulieni, kuna falsafa. Watathibitisha kwamba unadaiwa mkopo, ambao utaulipa ukipata kazi, ambayo utaipata ukionyesha kwamba mkopo unaulipa. Mimi hulala vizuri nikiifikiria barua hiyo.

Tangazo la kazi likitoka, litataka uzoefu wa miaka miwili. Kijana mmoja, yupo pale nyuma anajificha, aliniuliza, “Mzee, uzoefu nitautoa wapi na leseni nimeipata juzi?” Nikamwambia ajitolee. Kujitolea ni kazi kamili, yenye zamu, damu, makaripio na mkuu wa wodi. Utashuka kwa matatu hadi Mwatate, utapanda nyingine hadi Voi, na jioni utarudi na njaa yako. Nauli ni ya kwako, maana mafunzo ni ya kwako.

Ukibahatika utapewa mkataba. Mwaka 2020 serikali iliajiri wahudumu wa afya, wauguzi wakiwemo, kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Miaka mitatu ikaisha, mikataba ikarefushwa, na wenyewe wakawa wanaandamana kudai ajira ya kudumu. Kudumu! Hata mchungaji Jumapili alisema hakuna cha kudumu chini ya jua, na yeye nyumba anaishi ya kanisa.

Wapo watakaowaambia kwamba pesa za afya ni kidogo. Si kweli, ahadi tunayo. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Ahadi hiyo imewazidi umri, kwa hiyo iheshimuni.

Niingie sasa kwenye kazi yenyewe, ambayo naijua kwa kuwa nilikuwepo. Mkamwana wangu alishikwa na uchungu usiku wa mvua, ukungu umeshuka hadi kwenye vizingiti, stima imepotea tangu magharibi. Zahanatini kulikuwa na muuguzi mmoja, msichana wa rika lenu, mwezi wake wa pili kazini. Nikaingia kutoa uongozi. Yule msichana akaninyang'anya simu, akaiwasha tochi, akanirudishia, akasema, “Babu, mulika hapa, usimulike darini.” Mbele ya watu! Nikamulika hapo.

Mtoto alipotoka alimpangusa, akamlaza juu ya kifua cha mamake, na kabla dakika haijatimia alikuwa ameshamchoma mama sindano ya paja. Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema ni oksitosini, ya kuukaza mji wa uzazi ili damu isimwagike, na kwamba dawa hiyo inataka baridi na friji haina stima, na kwamba kama nina swali jingine nilishike kwa mkono usioshika tochi. Damu ilikuja nyingi hata hivyo. Akawa anamsugua mkamwana tumboni kwa kiganja, chini ya kitovu, akizunguka, huku simu yake ameibana kwa bega anaita ambulensi. Dereva alikuwa mbali na barabara ilikuwa utelezi. Akaendelea kusugua. Alimsemesha mkamwana muda wote, kwa Kitaita, mambo ya kawaida tu: ndizi za kupika kimanga siku hizi zinauzwa bei gani, na nani anaziuza. Damu ikakata kabla gari halijafika.

Nilidhani sasa atakaa. Akavuta rejista ya uzazi, ambayo ni pana kuliko meza yake, akaandika. Akamaliza kujaza partografu, ile chati ya uchungu wa uzazi. Akajaza kijitabu cha mama na mtoto. Yote kwa tochi ya simu yangu, mpaka chaji ikaniishia. Alfajiri akapiga deki sakafu mwenyewe. Saa mbili asubuhi foleni ya akina mama wa chanjo ilikuwa imefika mlangoni, naye alikuwa ameinama anasoma kipimajoto cha friji, ambacho hakitakiwi kuzidi nyuzi 8 wala kushuka chini ya 2, anatikisa kichwa, anahamishia chanjo kwenye boksi la barafu.

Mtoto amepewa jina langu, kama ilivyo haki, kwa sababu ndimi niliyemulika. Ile chaji sijafidiwa mpaka leo, na nimeandika barua.

Nasikia baadhi yenu mnafikiria kwenda Uingereza. Sawa. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka huko wauguzi wetu wasio na kazi. Yaani zahanati haina mtu wa pili wa zamu ya usiku, na papo hapo tuna wauguzi wa ziada wa kuwapa wageni. Hiyo ni hesabu ya chuo kikuu. Nyinyi wa diploma msijisumbue nayo. Halafu kuna mtihani wa Kiingereza. Mwaka 2022 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani huo waliopita ni 10. Watu waliofundishwa kwa Kiingereza, wakaandika ripoti za zamu kwa Kiingereza, wakafokewa kwa Kiingereza! Mimi ningepita, ila sijaombwa.

Kama mnataka utajiri bila kupanda ndege ya kuhama, fuateni njia ya Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit. Alihudumia watu wake, akajenga shule kijijini, na Mei 2022 akaitwa Dubai akakabidhiwa tuzo ya dola 250,000 kati ya washindani zaidi ya 24,000. Basi mpango wa malipo mnauona: chapeni kazi, kisha ngojeni Dubai ipige simu. Msiizime.

Ningeweza kuendelea, lakini naona wazee wa Ronge Nyika wanatazama mawingu. Kabla hamjatawanyika, ada ya hotuba hii ni shilingi 500 kwa kila muuguzi. Namba ya Till nimeibandika pale mlangoni, karibu na mlipokaa. Asiye nazo abaki anipime presha, na anitazame kidonda hiki cha mguu, maana zahanati naona imefungwa, muuguzi wake ameitwa semina.

Kuna mkono umeinuliwa. Binti wa sweta ya kijani, uliza, lakini kwa ufupi.

Kwamba kutoa hotuba nako si wito?

Kaa chini, binti. Mimi nina familia ya kulisha.