Mnyonge SLIP na Haki Yake

SLIP ni itifaki ya kupitisha pakiti za IP kwenye laini ya siriali. Ilielezwa kwa maandishi mwaka 1988, na mwaka uliofuata itifaki ya PPP ikaanza kuandikiwa nyaraka zake, ikionekana bora kwa kila hali. Ilidhaniwa kwamba kazi ya SLIP imekwisha. Haikwisha. Mpaka leo, anayejenga mtandao wa vihisi visivyotumia waya ndani ya Cooja, programu ya uigaji iliyotoka katika taasisi ya SICS nchini Uswidi, akitaka vihisi vyake vya kufikirika vipeleke vipimo vya joto kwenye kompyuta yenye uhai, huikuta SLIP imekaa mlangoni. Imetukanwa sana mahali hapo, hasa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Njia yenyewe imepangwa hivi. Kihisi kimoja ndani ya kiigaji hufanywa ruta ya mpakani. Mlango wake wa siriali, ambao nao ni wa kuigiza, hufunguliwa na Cooja kama soketi ya TCP, kwa kawaida namba 60001 kwa kihisi cha kwanza. Upande wa kompyuta, programu ndogo iitwayo tunslip6 hujiunga na soketi hiyo, huunda kiolesura cha mtandao kiitwacho tun0, hukipa anwani, kisha huanza kuchukua pakiti za IPv6 huku na kuzipeleka kule. Lugha ya pande hizo mbili ni SLIP tupu.

Fadhila yake ya kwanza ni ufupi wa sheria. Katiba nzima ina namba nne: 192, 219, 220 na 221. Baiti 192 hutangaza kwamba pakiti imekwisha. Namba hiyo ikitokea katikati ya data, huandikwa 219 ikifuatwa na 220. Na 219 yenyewe ikitokea, huandikwa 219 ikifuatwa na 221. Hakuna ibara nyingine wala marekebisho ya ibara.

Fadhila iliyo kuu kuliko zote ni stara. SLIP haina namna ya kugundua kosa. Pakiti ikiharibika haijui, ikipotea haiulizi, na ikifika nusu, nusu hiyo hukabidhiwa kwa adabu ileile ambayo ingekabidhiwa nzima. Kihisi cha Tmote Sky, ambacho Cooja hukiiga mara nyingi, kina RAM ya kilobaiti 10 tu, kwa hiyo bafa ya kupokelea haiwezi kuwa kubwa. Ikijaa, msimbo wa Contiki, mfumo endeshi wa vihisi hivyo, huingia katika hali ambayo waandishi wake waliipa jina la takataka: kila baiti inayofuata hutupwa mpaka 192 nyingine ionekane. Hakuna onyo linalochapishwa. Mtumiaji hasumbuliwi.

Wasiojua kupima mambo huita hiyo kasoro. PPP hukagua kila fremu kwa hesabu ya uthibitisho, na kumkagua kila mgeni mlangoni ni dalili ya kutowaamini watu. SLIP inamwamini kila anayebisha hodi. Humsitiri aliyeweka bafa ndogo mno, aliyekosea anwani, hata aliyeunganisha tunslip6 na kihisi kisicho ruta. Makosa hayo yote, yakitazamwa kutoka kwenye kompyuta, yana dalili moja: ping inatumwa na hakuna kinachorudi. Hatajwi aliyekosea, wala kosa, wala kama kosa lipo. Mtaa mzima hutafuta jirani wa namna hiyo na haumpati. Wala stara yake haiishii kwenye makosa. Pakiti ikifika salama SLIP haisemi kitu, isije ile iliyopotea ikaona aibu mbele ya wenzake.

Fadhila nyingine zinatosha kutajwa. SLIP hufundisha utaratibu: soketi ya kiigaji huanza, ndipo tunslip6 ifuate, tena kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo; na uigaji ukipakiwa upya, muunganisho hukatika na ibada nzima hurudiwa. Hufundisha usawa, kwa sababu maandishi ya printf ya ruta na pakiti za IPv6 hupita laini ileile bila kuulizana ukoo. Hufundisha historia: miongozo ya zamani hutoa anwani ya aaaa::1/64, ile ya Contiki-NG, mrithi wa Contiki, hutoa fd00::1/64, na anayechanganya miongozo hupata muda mrefu wa kutafakari. Zaidi ya hayo, hukumbusha kwamba kuna saa mbili. Cooja ina saa yake, na isipofungwa kwenye kasi ya asilimia 100, dakika za kuigiza hukimbia kuliko za ukutani, jibu la kompyuta likafika wakati kihisi kimekwisha kata tamaa.

Kuna jambo jingine ambalo sifa za kawaida hulisahau. Modeli ya redio ambayo Cooja huanza nayo ni duara. Mpokeaji aliye ndani ya mita 50 hupata kila pakiti, asilimia 100, maadamu haikugongana na nyingine. Akisogezwa mita ya 51 hapati hata moja. Humo hamna ukuta wa zege, mvua, shamba la mahindi lililokua kuliko mwezi uliopita, wala betri iliyochoka. Katika ulimwengu huo ulionyooka, SLIP ndiyo humshtua mwanafunzi kwa kupoteza pakiti kimyakimya, yaani kwa tabia ambayo angeikuta siku ya kwanza shambani. Ni somo la uwandani lililopenya maabara kwa bahati.

Somo hilo huamriwa lifutwe. Msimamizi wa utafiti husema hilo ni tatizo la kiufundi, lisiingie kwenye sura ya matokeo. Wahakiki hutaka grafu inayopanda bila kuyumba. Mwanafunzi hutunukiwa shahada ya mitandao ya vihisi pasipo kushika kihisi hata kimoja, na hapo sababu inayotolewa ni fedha. Fedha gani? Vihisi vilikwisha nunuliwa! Vimo kabatini tangu mradi wa wafadhili ulipofungwa, vingine havijatolewa kwenye mifuko yake, ufunguo anao mtu aliye safarini, na fomu ya kuviazima inahitaji sahihi ya ofisi ambayo haikumbuki kwamba inavyo. Huo ni uzembe, na hakuna itifaki inayoweza kuusitiri. Duara la mita 50 limekuwa shamba kwa sababu linaokoa watu na safari ya kwenda kuomba ufunguo.

Imebaki fadhila moja, nayo ni ukweli wa nafsi. Waraka unaoieleza SLIP, RFC 1055, unatamka kwenye kichwa chake kwamba kinachoelezwa humo si kiwango rasmi. Kisha unaorodhesha mapungufu yake wenyewe: haibebi anwani, haitambulishi aina ya pakiti, haigundui wala kusahihisha makosa, haibani data. Hakuna aliyelazimisha yaandikwe. Tasnifu zinazopitisha matokeo yake kwenye SLIP nazo zina sehemu ya mapungufu ya utafiti, ambayo kwa kawaida husema kwamba muda haukutosha.