Adabu za Kukaa na Maua: Mwongozo kwa Mwenye Wasiwasi

Wapo watu wasioweza kuchuma asumini jioni bila kujiuliza kama mti umeumia. Hutazama kulia, hutazama kushoto, wakanong'ona "samahani", kisha wakachuma upesiupesi. Mwongozo huu ni wao. Swali lao ni zuri, na limewashughulisha wataalamu wakubwa kwa vizazi. Wafuate hatua hizi saba, wapate kuchuma maua, kupalilia na kula mchicha kwa moyo mweupe.

1. Kipigie hodi kifauwongo

Anza na mmea unaojibu papo hapo. Asili ya kifauwongo ni Amerika ya kitropiki, lakini siku hizi kimejaa kwetu kwenye nyasi na kandokando ya njia. Chuchumaa, uguse jani kwa ncha ya kidole. Majani madogo yatajikunja mawili mawili, na kikonyo huenda kikainama chini.

Usiharakishe kusema umekitia haya. Mguso wako umezaa ishara ya umeme, ikafika kwenye vifundo vilivyo chini ya majani. Potasiamu ikatoka katika seli za upande mmoja, maji yakaifuata, na kifundo kikanywea kama mpira uliotolewa upepo. Ukikiacha kitulie, kitafunguka chenyewe.

Kifauwongo pia hujifunza nani wa kumwogopa. Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake walieleza jinsi walivyoviangusha vyungu vya mmea huu kutoka kimo cha sentimita 15, tena na tena, bila kuudhuru. Mwanzoni majani yalijikunja. Baadaye yakaacha, na wiki kadhaa zikapita mimea ile ikiwa bado haishtushwi na mwanguko huo. Basi piga hodi mara moja, inatosha. Kila majani yanapojikunja, mmea hupungukiwa na mwanga wa kujitengenezea chakula, na mgeni mwenye adabu hamkatizi mwenyeji wake mlo.

2. Usiupeleke mmea kuhojiwa

Mwaka 1966, mjini New York, mtaalamu wa mashine za kubaini uongo aitwaye Cleve Backster aliufunga nyaya mmea wa drasena uliokuwa ofisini kwake. Alidai kwamba alipowaza tu kulichoma jani lake, kalamu ya mashine iliruka. Kitabu cha Peter Tompkins na Christopher Bird cha mwaka 1973 kikaieneza habari hiyo, na watu wengi wakaanza kuzichunga nia zao mbele ya vyungu vya maua.

Wewe usijitaabishe. Watafiti waliochunguza dai jingine la Backster la namna hiyo kwa masharti makali walichapisha majibu yao katika jarida la Science mwaka 1975, na hawakuyaona aliyoyasema Backster. Waza utakavyo. Kinachoufikia mmea ni kisu, kiu na kivuli.

Kuipima mimea kwa umeme, hata hivyo, ni kazi ya heshima ikifanywa kwa makini. Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa Bengal, aliifanya miongo mingi kabla ya Backster. Aliunda ala za kukuza mwendo mdogo mno wa mmea hadi uonekane kwa macho, na mwaka 1917 akafungua taasisi ya utafiti mjini Kolkata ambayo ingali hai.

3. Sikiliza kwa kidole

Mwaka 2023 kundi la Lilach Hadany wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv lilitangaza kwamba limenasa sauti za minyanya na mitumbaku. Mmea ulionyimwa maji au kukatwa shina ulitoa milio mingi kwa saa. Ule usio na shida ulitoa chini ya mmoja. Milio hiyo iko juu mno, sikio la mtu haliifikii, na yaelekea hutokana na mapovu ya hewa yanayopasuka ndani ya mishipa inayopandisha maji.

Usiiite kilio, kwa maana hakuna aliyethibitisha kwamba mnyanya unamlilia mtu. Lakini usiipuuze pia: milio huongezeka kabla mmea haujakauka. Kwa kuwa masikio yako hayafiki huko, tumia kidole. Kizamishe kwenye udongo kila asubuhi, na ukikuta pakavu mwagia maji. Usingoje majani yalegee ndipo uanze kusikitika.

4. Kabla ya kujenga ua, uliza mgunga

Huruma nayo inataka maarifa. Huko Laikipia, Kenya, kuna migunga yenye miiba iliyovimba, ambayo upepo ukipita kwenye matundu yake huvuma mluzi. Ndani ya vivimbe hivyo hukaa sisimizi. Mti huwapa nyumba na utomvu mtamu, nao huwauma twiga na tembo wanaokuja kula majani.

Watafiti walizungushia ua baadhi ya migunga hiyo, wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angetarajia mti ustarehe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuwa kinyume: baada ya miaka kumi bila kuliwa, migunga ilikuwa imepunguza vivimbe na utomvu. Sisimizi walinzi wakadhoofika, sisimizi wa aina nyingine wakashika nafasi, mbawakawa watoboao miti wakazidi, na migunga ikakua polepole na kufa kwa wingi zaidi. Mti ulikuwa umetambua kwamba haushambuliwi, ukabana matumizi. Ukitaka kuutendea mmea wema, jua kwanza wenyewe unaishi na nani.

5. Yaache mahindi yaite msaada

Utafiti uliofanywa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, ulionyesha kwamba baadhi ya mahindi ya kienyeji, nondo wa bungua wa mabua akitaga mayai juu yake, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo. Nyigu hao huyashambulia mayai na viwavi wa bungua. Mbegu chotara zilizopimwa pamoja nayo hazikutoa wito huo.

Wajibu wako hapa ni mwepesi. Usimwage dawa kwa kila mdudu umwonaye, maana huenda unamuua aliyeitwa. Na mzee wa kijijini akikupa mbegu aliyoirithi, ipokee kwa mikono miwili.

6. Kula mchicha wako

Hapa ndipo wenye wasiwasi hukwama, basi tuseme wazi. Mmea hauna ubongo wala neva. Mwaka 2019 Lincoln Taiz na wanabiolojia wenzake waliandika kwamba mimea haina ufahamu wala haiuhitaji. Wapo wanaowapinga, lakini ushahidi wa maumivu haujaletwa.

Ishara, hata hivyo, zipo. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba jani la arabidopsisi, mmea mdogo wa maabara, likijeruhiwa, glutameti huamsha wimbi la kalsiamu linaloyafikia majani ya mbali kwa dakika chache, nayo hujiandaa kujikinga. Glutameti hiyohiyo hubeba ujumbe katika ubongo wako. Kufanana kwa kemikali hakutoshi kumfanya mchicha awe shahidi wa mateso. Kunatosha kukufanya ushike kisu kwa staha: chuma unachohitaji, acha shina lichipue, na usiitupe sahani iliyojaa. Majani yaliyokufa kwa ajili ya jaa ndiyo yenye haki ya kukulaumu.

7. Ukichekwa, jibu

Siku moja mtu atakukuta umeinamia mwaridi ukiusemesha, naye atacheka. Usione haya. Mwambie: "Sisemi kwamba una huzuni. Nasema unatambua mwanga, mguso, kiu na adui, na mimi nisipouangalia sitajua unatambua nini leo." Akikuuliza uthibitisho wa hisia uko wapi, mwambie adabu haingoji uthibitisho wa maumivu. Kiumbe kikishakuwa hai na kinategemea mkono wako, kimeshapata haki ya kutazamwa vizuri.

Akikubali, mpe ndoo akachote maji. Asipokubali, mpe vilevile, kwani kiu ya mwaridi haichagui nani kashinda mabishano.