Barua ya wazi kwa EPRA: ombi la bei ya juu kabisa ya chakula cha jioni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

Sisi ni wateja wenu waaminifu, ambao kila tarehe 14 jioni hutega masikio kama watu wanaongoja mwezi uandame, ila mwezi wenu huandama hata mawingu yakitanda. Tangu Desemba 2010, bei za juu kabisa za mafuta zilipoanza kutangazwa, hakuna anayeweza kuwashutumu kwa uzembe. Saa sita usiku pampu hubadilishwa. Kukipambazuka nauli ya matatu imeshapata habari, na kufikia adhuhuri hata nyanya, ambazo hazijawahi kunywa petroli, zimepanda. Kero yetu ni ndogo tu: kupanda kuna haraka, kushuka kuna maelezo.

Chukua mwaka 2024. Januari dola ilikuwa imekaribia shilingi 160, na lita ya petroli Nairobi ikauzwa 207.36. Tukaambiwa tatizo ni dola, tuvumilie. Tukavumilia. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobond mpya ili kulipia ile iliyokuwa ikiiva Juni, shilingi ikapata nguvu, na mwisho wa Machi dola ikawa karibu 131. Dola ilikuwa imepungua thamani kwa asilimia 18 hivi. Tarehe 14 Aprili mkatangaza petroli 193.84, punguzo la asilimia 6 na ushei. Mtetezi wenu atasema, na atakuwa na haki, kwamba sehemu kubwa ya bei haihusiani na dola: ushuru wa bidhaa wa 21.95, ada ya barabara, iliyokuwa 18 wakati huo, na wadogo zao hubaki palepale, dola ifanye itakavyo. Sawa kabisa. Lakini hapo ndipo panapotuchoma. VAT, ambayo hadi Juni 2023 ilikuwa asilimia 8 na mwaka 2024 ilikuwa 16, hutozwa juu ya bei yote pamoja na hizo tozo, kwa hiyo dola ikipanda, Hazina huvuna zaidi bila Mbunge yeyote kuinua mkono. Dola ikishuka, tozo hazisogei. Na Julai 2024, nafuu ilipoanza kuonekana kwa mbali, ada ya barabara ikapandishwa kutoka 18 hadi 25, nanyi mkatupunguzia petroli shilingi moja nzima.

Kisha kuna mkopo wa mafuta yenyewe. Tangu 2023 mafuta huja kwa mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, na hulipwa baada ya siku 180. Nia ilieleweka, maana waagizaji walikuwa wakisaka dola kila mwezi na benki hazikuwa nazo. Ila mwenye bodaboda hulipa papo hapo mafuta ambayo Ghuba italipwa miezi sita baadaye, kwa kiwango cha dola asichokijua yeyote. Hatari ikaondolewa mabegani mwa benki na mwagizaji, ikatafutiwa mtu asiye na wakili. Dizeli inayokuja kwa mkopo huo ndiyo inayoleta mahindi kutoka Kitale, na ndiyo inayozungusha kinu cha kusagia kule ambako umeme haujafika, kwa hiyo mkopo wa siku 180 huja kuivia kwenye sufuria.

Na mafuta taa! Septemba 2018, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli, yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili yasiwe rahisi tena. Mwizi alikuwa mwenye lori, faini akatozwa mwenye kibatari. Oktoba 2023 lita ikafika 205.06, haijapishana na dizeli hata kwa shilingi moja, na bila shaka mahali fulani mtu aliandika ripoti kwamba mpango umefaulu. Hapa sitanii. Ni aibu, na kila anayeujua mstari huo wa jedwali lenu la bei anajua ni aibu. Samahani, Bwana Mkurugenzi. Turudi kwenye adabu.

Ombi letu kuu ni hili. Kanuni yenu ya bei imejaa huruma. Kila anayeyagusa mafuta ana mstari wake: mwagizaji ana faida yake, mwenye ghala ana yake, msafirishaji na mwenye kituo vilevile, hata matone yanayopotea ndani ya bomba yana fidia. Tunaomba huruma hiyo ifike jikoni kupitia Kanuni za Bei ya Juu Kabisa ya Chakula cha Jioni. Kila tarehe 14 mama wa nyumba atatoa taarifa kwa wanahabari, akieleza kwa masikitiko kwamba katika kipindi kilichoangaziwa wastani wa gharama ya kuingiza unga nyumbani umepanda. Jedwali litaonyesha faida ya mpishi, isiyoguswa; usafirishaji kutoka kwa mama mboga hadi mlangoni; fidia ya uji unaofurika; na fidia ya ukoko, ambao kitaalamu ni hasara ya ghala. Sukuma wiki itachukuliwa kwa mkopo wa siku 180, na mama mboga akinung'unika aonyeshwe barua ya dhamana ya benki. Kutakuwa na Mfuko wa Kuimarisha Ugali, utakaochangiwa senti chache kila mlo, na siku utakapohitajika itagunduliwa kwamba pesa zilikwenda kujenga kitu kingine. Jumla yote itapelekwa kwa mwajiri, naye atakuwa na hadi saa sita usiku kurekebisha mshahara.

Maombi mengine ni madogo. Mandera isogezwe karibu na bandari ya mafuta ya Kipevu. Unga wa shilingi 100 wa Julai 2022 urudi, safari hii bila kungoja uchaguzi.

Mtajibu kwamba hamtungi kodi wala hamkusaini mkataba, mnajumlisha tu. Na kwamba kabla ya 2010 wenye vituo walijipangia bei walivyotaka. Kweli, na hatuombi kurudi huko. Lakini anayejumlisha ndiye anayeiona mistari yote. Mnaweza kutuandikia, katika mstari wake wenyewe, ni senti ngapi za kila lita zinalipia tofauti ya dola ya shehena zilizokwisha kuchomwa. Mnaweza kusema, dola ikishuka leo, ni tarehe 14 ya mwezi gani tutakapoisikia. Mnaweza kuiambia Hazina, kwa barua kama hii, kwamba tozo isiyoshuka bei inapovuka 200 ni tozo juu ya unga. Kwa hilo hamhitaji sheria mpya. Mnahitaji kuacha kuogopa.

Wenu mtiifu,
Mlipaji.

Nakala: Hazina ya Kitaifa; Benki Kuu; mwenye duka, ambaye amekwisha kupandisha.